Umefunga Nyuma?

Mama Sindano alimkuta mumewe amesimama mbele ya kioo, ananyoa ndevu, na taa hajaiwasha. Pazia lilikuwa bado limeshushwa, chumba giza tupu, naye anajinyoa taratibu, uso ameukaza kana kwamba anajiona. Mama Sindano akabonyeza swichi. Mumewe hakupepesa wala hakugeuka. Hakujua kama taa imewaka.

"Umejikata kidevuni," mke akamwambia.

"Wembe huu mbovu."

"Wembe nimeununua jana."

"Basi kidevu ndicho kibovu. Lete kitambaa."

Akampelekea kitambaa mpaka mkononi, akasubiri vidole vyake vikishike ndipo akaachia. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakipeana vitu siku hizi, kimyakimya, kama watu wanaopitishiana mali ya wizi.

Mwanamume huyu hoteli nzima ilimwita Nahodha, na hawakumwita kwa utani. Ndiye aliyewafundisha vijana wote wa ufukwe ule wa ziwa kuendesha boti za tanga za hoteli, zile za bodi mbili nyembamba zilizounganishwa kwa vyuma, ambazo wafanyakazi waliziita Mapacha. Lakini presha ya macho haiangalii cheo. Ilimwanzia pembeni, ikawa inamla kidogokidogo, mpaka akabaki anaitazama dunia kwa tundu la ufunguo. Kisha na hilo tundu likaingia ukungu. Daktari hakumzungusha. Alimwambia kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kiko njiani. Siri hiyo waliijua daktari, mkewe, na mama yake mzazi, bibi kizee aliyelala chumba cha pili, ambaye hakuambiwa na mtu. Aligundua siku alipomwona mwanawe akimimina chai pembeni ya kikombe na kukinywa kikombe kitupu bila kulalamika.

Na leo ilikuwa siku ya mtihani. Meneja mpya alikuja na utaratibu wake: kila mtu wa boti aunge Pacha kwa mkono wake na msaidizi mmoja, aishushe majini, alizunguke boya la mbali na kurudi salama, meneja mwenyewe akitazama. Atakayelazimika kuvutwa na boti ya injini, huyo ameanguka. Akianguka, kazi imekwenda; na kazi ikienda, kota nayo inakwenda, kwa sababu vile vyumba viwili ni mali ya hoteli. Mama Sindano alishona mapazia na mashati ya watu, akaweka viraka kwenye matanga ya hoteli yakichanika. Kwa kipato cha cherehani peke yake wangeweza labda kupanga dirisha, mlango wasiupate.

Mazoezi walikuwa wameyafanyia kitandani. Kandambili mbili zikawa bodi, miiko miwili ikawa vyuma vya kukingama, taulo likawa turubai la kukalia, na mpini wa ufagio ukawa mlingoti. Nahodha alimtajia mkewe hatua baada ya hatua, akamfanya arudie mpaka usingizi. Siku moja mama mkwe alichungulia, akawakuta watu wazima wawili wameziinamia kandambili kwa heshima zote, akarudi chumbani kwake akiwaombea.

"Jambo moja tu," Nahodha alisema sasa, akijifuta damu. "Nisipapase."

"Ukipapasa umekwisha."

"Kwa hiyo mimi nauliza, wewe unajibu. Kwa kifupi. Usiniletee hadithi."

"Mimi lini nimekuletea hadithi?"

"Tangu nikuoe."

Kutoka chumba cha pili bibi kizee akakohoa. "Mwambie ashike kushoto akitoka," alipaza sauti. "Pale kwenye ngazi nimeweka beseni."

"Mama, mimi niko hapa," Nahodha akajibu. "Niambie mwenyewe."

Mama Sindano akaenda kuliondoa beseni.

*

Ufukweni walikuwa wamekwisha kusanyika. Meneja alikuwa kijana mpole, viatu vyake safi hata juu ya mchanga, mtu wa kumwita kila mfanyakazi mwenye mvi "mzee wangu" kisha akamwambia jambo baya. Pembeni yake alisimama Mrefu, kijana wa boti aliyefundishwa kazi na Nahodha na ambaye jana yake alikuwa ameufaulu mtihani bila hata kulowa shati. Mlinzi naye alikuwa ameliacha geti lake aje kuona, na wapishi wawili walikuwa wametoka na aproni zao.

"Nahodha kaja na shemeji!" Mrefu alisema. "Siku hizi boti zinashonwa?"

Watu wakacheka.

"Zinashonwa," Mama Sindano akamjibu. "Wewe unachana, mimi nashona. Tangu uajiriwe sijapumzika."

Wakacheka zaidi, na Mrefu mwenyewe akacheka. Meneja alitabasamu kidogo, akamgeukia Nahodha. "Mzee wangu, msaidizi wako ndiye mama?"

"Ulisema msaidizi yeyote, meneja. Huyu matanga yote ya hapa yamepita mikononi mwake."

"Nilisema. Haya, anzeni."

Wakaanza. Waliziburuta bodi mbili mpaka zikalala sambamba, pua zikielekea upepo unakotoka. Wakaingiza chuma cha mbele, wakaingiza cha nyuma, wakapiga pini. Nahodha alisimama katikati, kidevu juu, akiuliza kama bwana mkubwa asiyependa kuinama. "Pini ya kulia?" "Iko." "Ya kushoto?" "Iko." Ukimtazama ungedhani anamtahini mkewe. Wapishi walitikisa vichwa kwa kumstahi, na Mama Sindano alijisikia fahari ambayo hakuitegemea, fahari ya mtu anayedanganya vizuri.

Walipofika kwenye turubai la kukalia, hapo alikuwa nyumbani kwake. Turubai hutandazwa katikati ya bodi mbili, kisha hukazwa kwa kamba inayopita kwenye matundu ya ukingo wa nyuma, tundu hadi tundu, kama kiatu cha kamba. Aliipitisha, akaivuta, akaikaza mpaka turubai likalia kama ngoma alipoligonga kwa kidole, akapiga fundo. Mrefu mwenyewe hajawahi kulikaza hivyo. Kisha wakasimamisha mlingoti: Nahodha juu ya turubai akiunyanyua kwa kifua, mkewe chini akitia pini kwenye kisigino cha mlingoti, halafu akikimbilia mbele kuufunga waya unaouzuia usianguke.

"Waya wa mbele?"

"Umeingia."

"Tanga?"

"Liko tayari, linasubiri kamba yako."

Ndoo ya vifaa ilikuwa pembeni, na ndani yake vimebaki kipande cha kamba ya akiba na vizibo viwili vidogo vyekundu. Kila jioni vijana huvifungua vizibo hivyo kwenye matundu ya nyuma ya bodi ili maji yaliyojipenyeza yachuruzike, na asubuhi huvirudisha. Mama Sindano aliviona. Alivitazama kama mtu anavyotazama vitu vya kazi ya mwenzake, akadhani navyo ni vya akiba. Kitandani hapakuwa na vizibo. Kandambili hazina matundu ya nyuma.

"Umefunga nyuma?" Nahodha akauliza.

Watu wa boti wa pale wakisema kufunga nyuma wana maana moja tu, nayo ni vizibo. Ndilo neno la kwanza analofundishwa kijana mgeni, na la mwisho kuulizwa kabla boti haijagusa maji. Wamelizoea mpaka hawakumbuki kwamba mtu mwingine anaweza kulisikia vingine. Lakini kwa mshonaji, kufunga ni kupiga fundo, na tundu huzibwa, halifungwi. Na kama kuna kitu Mama Sindano alikuwa amekifunga barabara asubuhi ile, basi ni kamba ya nyuma ya turubai.

"Nimefunga," akajibu. Kwa kifupi, kama alivyoagizwa.

Zamani Nahodha angezunguka akahakikisha mwenyewe kwa kidole. Ilikuwa tabia yake, na vijana walimcheka kwayo: boti haishuki mpaka mzee ameitekenya. Leo mkono wake ulianza kwenda, ukasita, ukarudi mfukoni. Alijua meneja anamtazama. Akasema, "Basi tushushe."

*

Upepo uliwapokea vizuri. Nahodha alikaa nyuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kamba ya tanga, na mara tu maji yalipoanza kukimbia chini ya turubai alibadilika. Nyumbani alikuwa amejifunza kutembea kama mgeni, akigusa kila kitu kwa wasiwasi. Hapa alikaa kama aliyezaliwa hapo. Shavu lilimwambia upepo unatoka wapi, makalio yalimwambia boti imelala kiasi gani. Alichokosa ni boya tu, na boya alikuwa nalo mkewe.

"Mbele yako, kulia kidogo," Mama Sindano akasema.

"Sasa?"

"Sasa liko sawasawa na pua."

"Likae hapohapo. Likihama niambie."

Mama Sindano hakuwa amewahi kufika mbali hivyo. Kuogelea alijua kwa kuhadithiwa. Lakini jaketi la kuelea lilimbana kifua vizuri, na mumewe alikuwa anapiga mluzi, kitu ambacho hajakisikia tangu siku ya daktari. Akafurahi, naye alijua kwamba amefurahi.

"Unaona nini?" Nahodha akamuuliza.

"Maji."

"Maji gani sasa? Maji yako namna gani?"

"Hapa yamenyooka. Kule mbele yana mikunjo, kama kitambaa hakijapigwa pasi."

"Mikunjo myeusi?"

"Myeusi."

"Huo ni upepo unakuja. Umeona? Unajua kuliko Mrefu." Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa nyumba ya jirani. "Sindano. Mbona Pacha imekuwa nzito?"

"Mimi sijui uzito wake."

"Inaburuta matako. Sikiliza." Wakasikiliza wote wawili. Ndani ya bodi ya kushoto, ile iliyokuwa imelala zaidi, maji yalikuwa yanaenda mbele, yanarudi nyuma, kwa sauti ya debe linalobebwa kichwani. "Nyuma ulifunga nini?"

"Kamba."

"Kamba gani?"

"Kamba ya turubai. Si ndiyo iko nyuma?"

"Na vizibo?" akauliza polepole.

"Vile vyekundu?" Mama Sindano alisema, na kabla hajalimaliza neno alikuwa amekwisha kuelewa.

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alisema tu, "Tugeuze," lakini walikuwa wamefika kwenye boya, na ile mikunjo myeusi nayo ilikuwa imefika. Upepo ulilikamata tanga wakati boti inageuka na nyuma yake imezama. Bodi ya kulia iliinuka, ikaendelea kuinuka, na Mama Sindano akamwona mumewe akimpita hewani kabla maji hayajamfunika.

*

Jaketi lilimrusha juu. Alikuwa anakohoa, maji puani, maji masikioni, na mlingoti umelala juu ya ziwa karibu na kichwa chake.

"Sindano!" Sauti ya mumewe ilitoka upande wa pili wa tanga. "Sema kitu!"

"Niko hapa!"

"Hapa ndiyo wapi? Endelea kusema! Usinyamaze!"

Aseme nini? Kichwa kilikuwa kitupu. Akaanza kumtukana Mrefu, kwa sababu ndiyo maneno pekee yaliyomjia. Alimtukana kuanzia miguu, akafika kiunoni, na alipokuwa anaanza kichwa mkono wa Nahodha ukamshika jaketi.

"Inatosha, nimefika," alimwambia akihema. "Shika chuma hiki. Usikiachie hata nikikuambia uachie."

Mbali, ufukweni, injini ilinguruma. Nahodha alikaza shingo. "Wanakuja?"

"Mrefu anaisukuma boti."

"Wapungie. Inua mkono uwaambie tuko salama. Wakitufunga kamba tumekwisha, hakuna kazi, hakuna kota."

"Tutakufa hapa!"

"Hatufi. Wapungie!"

Akainua mkono, akaupunga kwa kukataa, huku meno yakigongana. Boti ya injini ilisogea kidogo, ikasimama, ikangoja. Nahodha aliomba kitambaa cha kuzibia matundu. Mikono ya gauni lake Mama Sindano alikuwa ameishona mwenyewe, mshono juu ya mshono, na sasa ikakataa kuchanika. Aliitafuna uzi kwa uzi mpaka ikaachia. Mumewe akazama na vipande viwili. Kule chini hakuna mwenye macho ambaye angemzidi. Vidole vyake vililijua tundu kama ulimi unavyolijua pengo la jino. Akaibuka, akavuta pumzi, akapanda juu ya bodi iliyolala majini, akalinyooshea mkono tundu la pili la ile iliyokuwa hewani, na aliposhuka mara hii hakuwa na kitambaa mkononi.

"Upepo unakupiga wapi?" akauliza.

"Usoni."

"Basi tuko vizuri. Panda hapa na mimi, tuning'inie."

Waliipitisha kamba ya tanga juu ya bodi iliyokuwa hewani, wakasimama juu ya ile iliyolala majini, wakajilaza nyuma na uzito wao wote. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Mama Sindano alisikia viganja vyake vikichubuka na akawaza kwamba watu wazima wasio na mwili hawafai kwa kazi hii. Halafu tanga likajikwanyua kutoka majini, taratibu, likimwaga maji, mlingoti ukasimama, na Pacha ikaanguka sawasawa kwa kishindo. Nahodha alipanda kwanza, akamvuta mkewe kwa jaketi kama gunia.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kukokota. Bodi ya kushoto ilikuwa na maji tele, na kila upepo ulipozidi Nahodha aliilegeza kamba wapite kwa upole. Mama Sindano alilia njia nzima, akilia huku akielekeza, kulia, kushoto, nyoosha hapo.

"Nimekuua," alisema.

"Bado. Niambie ufuko uko wapi."

*

Walipigiwa makofi. Wapishi walipiga, mlinzi alipiga, na Mrefu, aliyekuwa amerudisha boti ya injini bila kuitumia, aliingia majini mpaka magotini kuipokea Pacha. "Huyo ndiye mwalimu wangu!" alimwambia kila aliyekuwa karibu. "Mmeona mtu anavyoinua boti?" Alikuwa na furaha ya kweli, na Mama Sindano akamwonea aibu kwa yale matusi.

Kama mambo yangeishia hapo, mtu huyu angekuwa amefaulu. Boti imeungwa, imeshuka, imezunguka, imerudi, haikuvutwa. Lakini furaha humsahaulisha mtu. Nahodha aliruka kutoka kwenye turubai, maji yakimtiririka, akatembea kwa hatua ndefu kuelekea alikosikia makofi, mkewe nyuma yake akihangaika kufungua jaketi lililokwama. Akanyoosha mkono. "Meneja," akasema, "tumerudi salama."

Mkono ule aliupokea mlinzi. Maskini, hakujua afanye nini nao. Aliutikisa kidogo, akatazama chini.

"Mzee wangu," meneja akasema kutoka upande mwingine kabisa, "mimi niko huku."

"Ah!" Nahodha akageuka akicheka. "Maji yameniingia machoni."

"Pole." Meneja alimsogelea. Alimtazama usoni kwa muda, akamtazama na Mama Sindano aliyekuwa amesimama na gauni lisilo na mikono, akamwinulia mama kidole cha kumnyamazisha. Kisha akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo. "Hivi ni vidole vingapi, mzee wangu?"

Nahodha alitabasamu, kama mtu anayevumilia utani wa watoto. "Viwili," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mrefu aligeuza uso akaanza kulishughulikia tanga ambalo halikuwa na shida. Wapishi wakakumbuka kwamba kuna vyungu jikoni. Nahodha alibaki na tabasamu lake, akingoja kuambiwa kama amepata au amekosa, na kimya kikamwambia.

Meneja alikwenda nyuma ya boti, akainama, akachomoa kitambaa kilicholowa. "Nani alikuwa wa kufunga nyuma?"

Mama Sindano alifungua kinywa. Ni rahisi kwetu sisi tuliokaa pakavu kusema angesema. Alikusudia kusema. Koo lilimkauka, na katika kukauka huko mumewe akamtangulia.

"Mimi," Nahodha akasema. "Nilisahau."

"Ulisahau, au hukuona?"

"Chagua wewe, meneja. Yote yangu."

Meneja hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Hakufoka. Alisema wageni wanampa watoto wao awapandishe kwenye boti hizi. Alisema hawezi kulala usingizi. Alisema hoteli haitasahau kazi ya mzee. Nahodha alikuwa akiitikia "najua, meneja, najua," akaokota kamba mchangani na kuanza kuikunja duara baada ya duara, kwa kuwa mikono ilihitaji kitu.

Halafu meneja akamgeukia mke, akazungumza juu ya kichwa cha mume, kama watu wawili wanaojadili kiti kiwekwe wapi. "Mama, mnakaa kota?"

"Ndiyo."

"Nahitaji mtu wa kuunga boti na kuangalia matanga. Mkono wako nimeuona, lile turubai nimelipenda. Ukichukua nafasi ya mzee, hamtahitaji kuhama. Mrefu atakuonyesha yaliyobaki. Sasa kama ungependa kwenda kufikiria nyumbani, mshauriane na mzee, kisha kesho..."

"Ndiyo," Mama Sindano akasema.

"Ndiyo utafikiria?"

"Ndiyo nimechukua."

Lilimtoka upesi mno, hata yeye mwenyewe alilisikia. Mikono ya Nahodha ilisimama kwenye kamba. Kisha ikaendelea kukunja.

*

Walirudi kwa njia ya nyuma, kandokando ya ukuta wa hoteli. Mama Sindano alimpa bega kama siku zote. Mumewe hakulishika. Alitembea akiuburuza mkono wake ukutani, akikwaruza vidole kwenye saruji, na mahali ukuta ulipokatika kwa ajili ya lango la magari alisimama, akasikiliza, akavuka peke yake. Mkewe alimwacha. Alimfuata kwa umbali wa hatua chache, tayari kumdaka.

"Ungesema ni mimi," alimwambia hatimaye.

"Ningesema nini? Kwamba mwenye macho ndiye aliyesahau?"

"Ndiyo. Ndivyo ilivyokuwa."

"Na wewe leo ungekuwa na kazi gani?"

Jambo lililomchoma Mama Sindano ni kwamba alikuwa ameliwaza hilohilo pale ufukweni, wakati koo limemkauka. Hakuwa na uhakika tena kama koo lilikauka lenyewe.

"Umekasirika," akasema.

"Nimelowa," Nahodha akajibu. "Twende."

Bibi kizee alikuwa amekaa kibarazani, kwenye benchi, shuka magotini. Alikuwa hajala; chai ya asubuhi ilikuwa imeganda utando mbele yake. Alipowaona wanakuja wakiwa wameachana, mmoja mbele na mwingine nyuma, akajishikilia ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Tunahama?" akauliza.

"Hatuhami, mama," Nahodha akasema.

"Alhamdu! Umefaulu!"

"Tumepata kazi," Mama Sindano akadakia haraka.

"Kapata yeye, mama," Nahodha akasema. "Tuseme sawasawa. Mkwe wako kapata kazi. Ataunga boti, na nyumba tumeachiwa. Mimi nimepumzishwa."

Bibi kizee alimtazama mkwewe, akamtazama mwanawe, shati limemganda mwilini na damu imekauka kidevuni. Alishukuru Mungu kwa sauti ya chini, mara moja, kwa sababu nyumba ni nyumba. Halafu akaikusanya shuka yake, akajivuta mpaka mwisho kabisa wa benchi, akapigapiga kwa kiganja pale palipobaki wazi, taratibu, bila kusema neno, kama mtu anavyomwita mtoto aje akae.

Nahodha alibaki amesimama, mikono imening'inia, uso umeelekea barabarani. Mama yake akapigapiga tena, akangoja. Mama Sindano aliona yote hayo kutoka mlangoni, ufunguo mkononi, akajua kwamba ni lazima aseme yeye.

"Mama anasema ukae," akamwambia.